Injini Ndani ya Chumba

Umeme ukikatika, kinyozi hutia jenereta nyuma ya pazia, na fundi wa kuchomelea huiweka humo humo karakanani, mlango umerudishwa kwa kuogopa mvua au wezi. Husema, "Moshi hauonekani, basi hakuna neno." Neno lipo.

Injini ya petroli hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ukiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikose nafasi ya kuchukua hewa njema. Kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu na kichefuchefu. Mtu hudhani ni malaria au njaa, akajilaza kidogo pale pale chumbani. Na kulala huko ndiko kunakoua.

Wachimba makaa wa Uingereza walishuka migodini na ndege wadogo katika tundu, desturi iliyodumu hata miaka ya 1980. Ndege akianguka, watu walitoka mbio. Wewe ndege huna.

Kufungua dirisha hakutoshi, wala feni haitoshi. (Wako wabishi sana hapo, na wabishe, lakini wakiwa nje.) Jenereta ikae uani, futi 20 kutoka mlangoni na madirishani, bomba la moshi likielekea mbali na watu. Waya mrefu haushindi bei ya jeneza. Ukimkuta mwenzio ameanguka, usikae ndani kumwamsha: mtoe nje upesi, apelekwe hospitali, hata akisema amepona.