Utunzaji wa mazingira waanzia jikoni, si katika hafla za upanzi wa miti

MSIMU wa mvua unapowadia nchini, huwadia pia msimu wa viongozi kupiga picha wakiwa wameshika majembe mapya. Mnamo Novemba 13, 2023, serikali ilitangaza siku nzima ya mapumziko ili Wakenya wapande miti, ikiwa ni sehemu ya mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Hakuna mwenye akili timamu atakayeupinga mpango huo. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe kwamba angalau asilimia kumi ya ardhi ya taifa ina miti.

Hata hivyo, jioni ya siku hiyo hiyo, baada ya miche kufukiwa na waheshimiwa kuondoka na misafara yao, mamilioni ya akina mama walirejea jikoni wakawasha kuni na makaa. Hapo ndipo penye kitendawili ambacho hotuba zetu kuhusu mazingira hukikwepa.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, asilimia 55.1 ya familia za Kenya zilikuwa zikitegemea kuni kama nishati kuu ya kupikia. Nyingine asilimia 11.6 zilitegemea makaa. Gesi ilikuwa na asilimia 23.9, mafuta taa asilimia 7.8, nayo stima haikufikisha hata asilimia moja. Ukijumlisha kuni na makaa, utaona kwamba familia mbili kati ya kila tatu zilikuwa zikiivisha chakula chao kwa mti. Ukiondoa kilimo na ujenzi, sidhani kuna shughuli nyingine ya kila siku inayomkutanisha Mkenya wa kawaida na msitu kama upishi.

Kwa sababu hiyo, yapo mawaidha mengi kuhusu maisha ya kutunza mazingira ambayo tumeyaagiza kutoka ng'ambo kama tunavyoagiza mitumba, bila kuyapima kama yanatutosha. Mzungu anayeishi katika nchi yenye baridi kali, ambaye nyumba yake hupashwa joto kwa gesi usiku na mchana, na ambaye huenda stima yake inatokana na makaa ya mawe, ana sababu nzuri ya kuambiwa kwamba wajibu wake wa kwanza ni kuzima taa. Hapa kwetu, takriban asilimia 90 ya stima hutoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na miale ya jua. Kuzima taa ni jambo jema, nami nitalirudia baadaye kwa sababu ya mfuko wa mwenye nyumba. Lakini yeyote anayezima taa ya sebuleni huku jiko la makaa likifuka moshi kutwa nzima nyuma ya nyumba, anafagia ukumbi na kuuacha uwanja.

Makaa ni nishati yenye hasara kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika tanuri la udongo, lile la kufukia magogo ardhini na kuyaacha yaungue polepole, kilo kumi za mbao hutoa kilo moja au mbili tu za makaa. Kila gunia linaloshushwa mjini limeacha shehena kubwa ya mti ikigeuka moshi kule lilikotoka, iwe ni Kitui, Narok au Kajiado. Gavana Charity Ngilu alipopiga marufuku biashara hiyo Kitui mwaka 2018, na serikali kuu ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari mwaka uo huo, wateja wa mijini hawakuacha kupika. Walilipa zaidi tu. Marufuku hiyo ya misitu iliondolewa Julai 2023. Funzo nililolipata ni kwamba amri inayomlenga mchomaji makaa bila kumpa mnunuzi nishati mbadala huwa kama kuziba mto kwa kiganja.

Pana hasara nyingine ambayo haihesabiwi kwa magogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba moshi wa nishati chafu majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020. Wanaoathirika zaidi ni wanawake na watoto wachanga wanaobebwa mgongoni wakati ugali unasongwa. Vichomi kwa watoto walio chini ya miaka mitano, magonjwa ya mapafu na ya moyo, macho yanayotiririka machozi: haya yote tumezoea kuyaona kana kwamba ni sehemu ya mapishi.

Serikali nayo haikuwa na msimamo mmoja. Mnamo Julai 2021, gesi ya kupikia ilitozwa ushuru wa ziada ya thamani (VAT) wa asilimia 16. Bei ya kujaza mtungi wa kilo 13 ikapanda hadi kupita Sh3,000 mwaka uliofuata. Ushuru huo ulipunguzwa hadi asilimia 8 katikati ya mwaka 2022, kisha ukaondolewa na Sheria ya Fedha ya 2023. Waliokuwa wamerudi kwa makaa katika muda huo hawakufanya hivyo kwa kutojua ubaya wa moshi. Walipiga hesabu. Mwenye kipato cha kila siku hununua nishati ya kila siku. Mkebe wa makaa aweza kuumudu jioni ya leo, ilhali mtungi wa gesi humtaka awe na pesa za mwezi mzima mkononi.

Nalo tamaa la kununua gesi ya bei nafuu kwa wasio na leseni lina hatari yake. Mkasa wa Embakasi, usiku wa Februari 1, 2024, ambapo kituo haramu cha kujazia gesi kililipuka na kuwaua na kuwajeruhi wakazi, unatosha kuwa onyo. Mtungi wenye lakiri iliyovunjwa au uzani usiotimia urudishwe dukani, hata kama muuzaji ni jirani.

Basi afanye nini yule ambaye hana mtungi, wala hatakuwa nao mwezi huu? Ana mengi ya kufanya, na takriban yote yatamwachia senti badala ya kumnyang'anya. La kwanza ni jiko lenyewe. Jiko lenye kiuno chembamba na kigae cha udongo ndani yake, lililobuniwa humu nchini mwanzoni mwa miaka ya themanini kwa kuiga jiko la Thailand, na ambalo mafundi wa jua kali wamelisambaza Afrika nzima, hupunguza makaa kwa thuluthi moja hadi nusu likilinganishwa na lile la bati tupu. Kigae hutunza joto, bati hulitawanya. Kigae kikipasuka, kinunuliwe kingine badala ya kuendelea kupikia kwenye bati kwa miezi.

La pili ni mapishi. Maharagwe na mahindi ya githeri yakilowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko yale yanayotiwa sufuriani makavu. Sufuria ifunikwe. Jambo hili ni dogo mno hata naona haya kuliandika gazetini, lakini tembea mtaani magharibi uone sufuria ngapi zimeachwa wazi zikitoa mvuke. Kisha kuna kikapu cha kupikia bila moto: chakula huchemshwa kwa muda, kikaondolewa jikoni kikiwa kingali kinatokota, kikatiwa ndani ya kikapu kilichosheheni matambara au blanketi kuukuu na kufunikwa gubigubi. Wali huivia humo. Githeri iliyolowekwa hukaa humo saa kadhaa ikaendelea kulainika huku makaa yakiwa yamezimwa. Kikapu hiki chaweza kushonwa nyumbani kwa vitu ambavyo vingetupwa, na chakula hubaki na joto hadi watoto warejee kutoka shuleni. Wapishi wa kuni nao wazianike zikauke vizuri kwanza, kwani kuni mbichi huteketeza sehemu ya moto wake kwa kujikausha, na moshi wake ndio mzito zaidi.

Niongeze tahadhari moja kabla ya kuondoka jikoni. Makaa yanayoonekana kukolea bila moshi ndiyo yanayoua kimya kimya, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usiku wa baridi ya Julai, jiko lisiingizwe katika chumba cha kulala kilichofungwa madirisha, hata kwa dakika chache.

Tugeukie taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawataka Wakenya watenganishe taka zinakotoka: zinazooza kando, na zile kavu kando. Ni sheria nzuri. Lakini mkazi wa Nairobi aliyejaribu kuitii anajua kinachofuata: anajaza mifuko miwili kwa uangalifu, kisha mkokoteni au lori linakuja na kuichanganya yote mbele ya macho yake. Shehena hiyo huishia Dandora, jaa lililofunguliwa katikati ya miaka ya sabini, likatangazwa kwamba limejaa mwaka 2001, na ambalo Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza lifungwe mnamo Julai 2021 katika muda wa miezi sita. Miezi sita ilipita.

Je, mkazi aache kutenganisha? La, ila aelewe ni taka gani iliyo mikononi mwake na ipi iliyo mikononi mwa kaunti. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani katika miji yetu ni mabaki ya chakula na mboga: maganda ya ndizi, viazi na maembe, majani ya sukuma wiki. Hizi hazina haja ya kupanda lori. Zikioza zikiwa zimezikwa pamoja na plastiki ndani ya jaa, hutoa hewa ya methani inayochangia kuongezeka kwa joto duniani. Zikirundikwa pembeni mwa ua pamoja na majani makavu na kugeuzwa mara kwa mara ili zipate hewa, huwa mbolea katika miezi michache. Asiye na ua ana gunia. Katika mitaa kama Kibera, wakazi wamekuwa wakikuza sukuma wiki na spinachi kwenye magunia ya udongo yaliyotobolewa ubavuni, gunia moja likichukua nafasi ya kigoda. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kulinywesha.

Kuhusu mifuko ya plastiki, taifa hili lina la kujivunia. Marufuku ya Agosti 28, 2017, yenye tishio la faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne, ilifaulu pale ambapo majaribio ya 2007 na 2011 yalikuwa yameshindwa, na mama mboga pamoja na wateja wake wakajifunza tena kubeba kiondo. Chupa za maji na soda ndizo zilizobaki, na tulizishuhudia katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024 zikiwa zimeziba mitaro.

Mafuriko hayo yanakumbusha kinaya kingine. Mvua inapoporomoka, wakazi wa Nairobi hupita katikati ya maji wakiwa na mitungi mitupu, wakienda kununua maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa dogo la mita 50 za mraba, katika mvua ya milimita 20 ya alasiri moja, hupokea lita 1,000. Hata ukitoa zinazomwagika na zile za kwanza zinazosafisha vumbi, zinazobaki zafulia nguo na kusafishia choo kwa siku kadhaa. Kinachohitajika ni mfereji wa bati na pipa lenye kifuniko.

Kuhusu stima, niliahidi kurudi. Tangu Aprili 2023, mteja wa nyumbani anayetumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini zaidi, anayetumia kati ya 30 na 100 hutozwa ya kadiri, na anayezidi 100 hutozwa ya juu. Mwenye kutumia yuniti 105 ana sababu ya kutafuta hizo tano. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula yuniti tisa kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 haifikishi yuniti moja na nusu. Bafu la kupasha maji papo hapo, lenye kilowati nne, hula theluthi mbili za yuniti kwa dakika kumi, karibu sawa na usiku kumi na tano wa balbu hiyo ndogo. Upigaji pasi na uogaji ukiepushwa na saa za jioni, utakuwa umesaidia pia, kwa kuwa ni wakati huo ambapo mitambo ya dizeli huwashwa ili kukidhi mahitaji.

Ila wengi wa wanaosoma haya mijini ni wapangaji. Mfereji wa paa si wao, ua si wao, na mara nyingi hata mita ya stima ni ya ploti nzima. Mwenye nyumba, ambaye halipii maji wala hapiki humo, hana kinachomsukuma kutumia hata shilingi moja. Kaunti ndizo zinazoidhinisha ramani za majengo. Zina uwezo wa kukataa kuidhinisha jumba la kukodisha lisilo na mifereji na tangi la mvua, lisilo na mahali pa kutenganishia taka, na ambalo jiko lake ni kona isiyo na dirisha. Majumba ya aina hiyo yanazidi kuchipuka Nairobi, Thika, Nakuru na Mombasa, na kila moja litasimama kwa miaka hamsini.