Unapenda mbwa? Anza na chanjo

Nimelelewa Kibera na sijawahi kukaa sana bila mbwa. Wenzangu walipokusanya vizibo vya soda, mimi nilikuwa buchari nikiomba mifupa. Simba, wa mwisho, alilala mlangoni petu miaka tisa. Alipokufa niliapa, sifugi tena.

Wiki jana nimeletewa mtoto wa mbwa huku Kawangware, ninakoishi sasa. Najua utaniambia nini: keja ni chumba kimoja na unga wenyewe ni wa kupima. Kweli. Landilodi nimeshaongea naye, na mbwa atakula ninachokula. Lakini hayo si yote.

Kichaa cha mbwa hakina mchezo. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Na wanaong'atwa mara nyingi ni watoto, hao hao wanaocheza nje ya milango yetu. Kenya imelenga kumaliza vifo hivi ifikapo 2030, na njia inajulikana: kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Wako ni mmoja wao.

Kwa hivyo, akifika miezi mitatu mpeleke kwa daktari wa mifugo, kisha kila mwaka. Afungwe kizazi, la sivyo watoto wake wataishia jalalani. Na mtu aking'atwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mkimbize hospitali hata kama kidonda ni kidogo.

Wangu bado hana jina. Tarehe ya sindano anayo.