Kazaliwa Palermo, lakini mgeni!

Wadau, fungua orodha yoyote ya watu maarufu waliozaliwa Palermo. Utamkuta mtunzi wa muziki Alessandro Scarlatti, wa 1660, na Mario Balotelli, wa 1990. Huyu wa pili wazazi wake ni Waghana, kwa hiyo sheria ya Italia ilimhesabu mgeni hadi Agosti 2008, alipotimiza miaka 18. Wakati huo keshaanza kuichezea Inter! Euro 2012 akawafunga Wajerumani mabao mawili katika nusu fainali, nchi nzima ikamshangilia.

Sasa mtazame Marcell Jacobs, bingwa wa mita 100 Olimpiki ya Tokyo. Kazaliwa El Paso, Texas. Uraia hakuusubiri, maana mama yake ni Mtaliano.

Mimi naona huu ni unafiki. Mtoto wa wageni anayezaliwa Palermo leo naye atasubiri miaka 18, tena asihame nchi, halafu ana mwaka mmoja tu wa kuomba. Akichelewa, shauri yake. Na wangapi wasiojua kupiga mpira? Juni 2025 Wataliano waliitwa kupiga kura ya kupunguza masharti ya uraia kwa wageni wakazi, kutoka miaka 10 hadi 5. Wengi walibaki nyumbani.