Nauli ya Angani Imeshuka, Kajiado Tupeleke Mzigo Wetu

Ndugu wakazi wa Kajiado, anayestahili sifa apewe. Mwaka 2024 kampuni ya SpaceX ya Marekani ilirusha roketi zake za Falcon zaidi ya mara 130, na safari moja tu, ya mwezi Julai, ndiyo iliyoshindwa kufikisha mzigo. Zamani roketi iliruka mara moja ikaishia baharini. Siku hizi sehemu yake ya chini, ambayo ndiyo ghali, hurudi ikatua wima, ikakaguliwa na kurushwa tena. Zipo zilizorudia kazi hiyo zaidi ya mara 20. Ni kama matatu ya Kitengela: ikishusha abiria hurudi steji kupakia wengine, ndiyo maana nauli inalipika.

Je, sisi tumo katika safari hizo? Wengi wetu tunazijua kwa dishi lililo juu ya paa la jirani. Thuluthi mbili hivi ya safari za mwaka huo zilibeba setilaiti za Starlink, mali ya kampuni hiyohiyo, ambayo huduma yake ya intaneti iliingia Kenya Julai 2023. Watu waliipokea kwa mikono miwili. Kisha Novemba 2024 wateja wapya wakafungiwa mlango Nairobi na kaunti za jirani, Kajiado ikiwamo, kwa kuwa mtandao ulikuwa umejaa. Roketi ilikuwa ikiruka karibu kila siku ya tatu, na mtu wa Kitengela akaambiwa asubiri! Siilaumu kampuni, ipo kazini kwake. Nawakumbusha tu kwamba anayenunua hapangi ratiba.

Na kupanda tunaweza. Tarehe 15 Aprili 2023, saa tatu na dakika 48 asubuhi kwa saa zetu, setilaiti yetu Taifa-1 iliruka kutoka Vandenberg, California, ndani ya Falcon 9, ikichangia nafasi na mizigo ya mataifa mengine. Wahandisi Wakenya waliibuni kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria, kwa gharama ya shilingi milioni 50 hivi, ili ipige picha za ardhi kwa ajili ya kilimo na chakula. Linganisheni na Desemba 12, 1970, pale jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, liliporusha setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Jina lilitoka kwetu, elimu wakaondoka nayo wao.

Kajiado inazihitaji picha hizo kuliko wengi. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, na ng'ombe wakafa wakitafuta majani. Mzee atasema mfugaji ana macho yake. Kweli anayo, lakini ranchi za jumuiya zimegawanywa, ua umepigwa hadi kwenye mapito ya wanyama wa mbuga ya Nairobi, na leo kumfikisha ng'ombe kwenye malisho ya mbali bila kujua kama yapo ni kamari. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupiga picha za nchi hii kila siku chache, na picha hizo hutolewa bure. Kijana wa Isinya aliyesoma ramani na kompyuta anaweza kuonyesha wapi majani yamebaki na bwawa gani limekauka. Kinachokosekana ni mtu wa kumwajiri.

Tusidhani pia kwamba anga haituhusu tusipoigusa. Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kwa majirani zetu wa Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Vyuma hivyo hutufikia bila kuagizwa.

Basi kaunti itakapowaita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, mfugaji wa Mashuuru na mwenye ploti wa Kitengela wafike, waulize kwa sauti: ofisi ya kusoma picha za malisho imetengewa shilingi ngapi, na vijana wetu wangapi wanapelekwa kujifunza kuunda setilaiti itakayofuata? Wasiondoke ukumbini kabla jibu halijaandikwa.