"Wengi Wape" Haifai Mahakamani

Ndugu mwanafunzi, umefundishwa methali "wengi wape", nami sina ugomvi nayo panapochaguliwa kiranja wa darasa. Ugomvi wangu ni na wale wanaoipeleka mahakamani, wakadai kuwa jaji mwema ni yule atamkaye ambalo umma unataka kulisikia.

Mtazame Francis Nyalali. Aliteuliwa Jaji Mkuu wa Tanzania mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mahakama yake ya rufani ikatoweka. Tanzania iliunda Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979 (sisi Wakenya hunena "rufaa", jifunze yote mawili), naye akaiongoza hadi alipostaafu mwaka 2000.

Mwaka 1991, Nyalali akiwa katika jopo, mahakama hiyo ilibatilisha kifungu kilichomfunga hakimu mikono asitoe dhamana, kwa kuwa hakikuweka utaratibu wowote wa kumlinda mshitakiwa. Aliyekuwa kizimbani alishitakiwa kwa unyang'anyi. Nenda sokoni leo ukaulize kama mtu wa namna hiyo astahili dhamana, kisha unihesabie watakaoitikia ndiyo!

Mwaka huo huo Rais Ali Hassan Mwinyi alimkabidhi uenyekiti wa tume ya kukusanya maoni juu ya mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Utaniambia kwamba wachache waliwadhulumu wengi. Waliwanyang'anya nini? Aliyekipenda chama tawala alibaki nacho, na kikaendelea kushinda. Ni ile asilimia 20 iliyokuwa imekatazwa hata kuunda chama chake. Haki inayongoja ruhusa ya wengi ni fadhila tu, na fadhila huweza kurudishwa mfukoni siku yoyote.

Wanaomsifu Nyalali kwa vyama vingi, hata hivyo, husahau nusu ya taarifa yake. Tume ilitaja pia sheria zipatazo 40 za kufutwa au kurekebishwa, ikiwemo ile ya mwaka 1962 inayoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Vyama vilisajiliwa upesi. Nyalali alifariki mwaka 2003, na sheria hiyo ilikuwa ingali vitabuni.