Ofisi ziulizane zenyewe, mwananchi si tarishi

Hivi karibuni nilinunua karanga stendi ya Msamvu. Nilipozimaliza nikaikunjua karatasi, na ndani yake alikuwamo mwanamume ananitazama: picha yake, jina lake kamili, sahihi yake na tarakimu zote 20 za namba yake ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA. Pembeni kulikuwa na mhuri wa wakili unaothibitisha kwamba nakala ni sawa na halisi. Umri wake sikuhitaji kumuuliza mtu, maana tarakimu nane za mwanzo za namba ile ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Chumvi ya karanga ilikuwa imeganda juu ya paji lake la uso.

Nilishtuka, lakini kushangaa sikushangaa. Mimi ni mtu wa steshenari. Tangu mwaka 2016 nina kiduka cha fotokopi hapa Morogoro, na inawezekana kabisa karatasi ile ilipita mikononi mwangu.

Kazi yangu naijua. Sehemu kubwa ya kopi ninazotoa kwa siku ni za karatasi ambazo Serikali yenyewe ndiyo iliyozitoa. Mtu amepewa cheti na ofisi ya umma. Anakileta kwangu nikitoe kopi, anakwenda kwa wakili kugongewa mhuri, kisha anapanda daladala kukipeleka ofisi nyingine ya umma, ili ofisi hiyo isadiki kilichosemwa na mwenzake. Kwa lugha ya zamani mtu huyo anaitwa tarishi. Tofauti ni kwamba tarishi alikuwa na mshahara, huyu anajilipia nauli na mhuri, nami niliyekaa njiani nachukua changu, shilingi mia kwa ukurasa.

Mwaka jana alikuja dukani mama mmoja wa Kihonda, mjane, anafuatilia mafao ya marehemu mumewe. Kwenye cheti cha ndoa jina lake lina herufi "h" katikati. Kwenye kitambulisho "h" hiyo haipo. Ukiita jina hilo kwa sauti hutasikia tofauti yoyote, lakini kwenye karatasi wamekuwa watu wawili. Ofisi moja ikamwambia akale kiapo. Nikamchapia kiapo, akaenda, akarudi. Ofisi ya pili ikataka kiapo chake, si kopi ya kile cha kwanza. Safari ya tatu akaketi kwenye benchi langu, akavua kandambili, akaniambia, "Mwanangu, wanasema tuko wawili. Huyo mwenzangu akionekana, mwambie aje anisaidie kufuatilia."

Tulicheka, kisha hakuna aliyeendelea kucheka. Kopi zake siku ile sikumdai.

Nimesimulia kisa cha mama huyu kwa sababu siku hizi kila warsha ya TEHAMA ina wimbo mmoja: mifumo isomane. Nakubaliana na wimbo huo. Ila mimi ninayekaa kaunta najua jambo ambalo haliimbwi. Mifumo ikisomana usiku wa leo, mama wa Kihonda kesho hatapona. Atakataliwa haraka zaidi. Karani aliyemtazama usoni angalau aliweza kumwonea huruma. Mashine ikikuta "h" imepungua itaandika "taarifa hazilingani", na hakuna wa kumwambia "mwanangu".

Kwa hiyo anayepanga huduma za Serikali kwa njia ya mtandao aanze na swali la jina kabla ya kununua seva. Taarifa zikigongana, ya ofisi ipi ndiyo ya kushikwa? Nani ana mamlaka ya kusahihisha, kwa siku ngapi, na kwa gharama ya nani? Na kosa likisharekebishwa mahali pamoja, je, masahihisho yatafika kwingine kote, au mama atavaa tena kandambili kuzunguka nayo? Swali hilo lisipojibiwa kwa maandishi, kuunganisha mifumo ni kusambaza makosa kwa kasi ya umeme.

Tatizo si kwamba hatuwezi. Tangu mwaka 2017 malipo ya Serikali yalipoanza kuingizwa kwenye mfumo wa GePG, nimeona kwa macho yangu foleni ya risiti za benki ikiyeyuka. Mteja anapata kontrol namba, analipia kwa simu akiwa hapo hapo kwenye benchi, na ofisi inayodai inaona malipo bila yeye kupeleka karatasi. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu anaandika namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na taarifa za mtihani zinakuja zenyewe. Anayetaka TIN anaanza na namba ya NIDA. Ofisi zikiamua kuulizana, zinaulizana. Tangu mwaka 2019 tunayo hata Sheria ya Serikali Mtandao na mamlaka yake.

Lakini tumeshaonja pia upande wa pili. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipopewa mwisho wa Desemba 31, 2019, kisha ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, duka langu halikulala. Watu wengi walikuwa na namba ya NIDA bila kadi, na wengine hawakuwa na namba wala kadi. Nilichapa namba kwenye vikaratasi na kuvipiga laminesheni kama vitakatifu. Nilipata pesa nzuri miezi ile, sikatai. Ila niliona wazee wakitoka vijijini alfajiri kuokoa laini ambayo ndiyo benki yao na ndiyo njia ya mtoto aliye Dar kuwatumia pesa ya dawa. Kitambulisho kilikuwa kimegeuzwa mlango kabla watu wote hawajapewa ufunguo. Anayepanga huduma leo ahesabu kwanza nani bado yuko nje, ndipo afunge mlango.

Majirani zetu Kenya walijifunza kwa gharama. Mwaka 2019 waliandikisha watu kwa ajili ya Huduma Namba, namba yao moja ya utambulisho, mamilioni kwa mamilioni. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema mpango usiendelee bila kanuni madhubuti za kuulinda, na Oktoba 2021 ikaona kadi zilianza kutolewa kinyume cha sheria, kwa sababu athari kwa taarifa za watu hazikupimwa kwanza. Pesa ilishatumika, na jina lenyewe likaishia kuachwa. Sheria iliyotakiwa kuwa msingi wa nyumba ilikuja kupimwa nyumba ikiwa imeshaezekwa.

Wanaosifiwa zaidi kwa mifumo kusomana ni Estonia, nchi yenye watu wapatao milioni 1.3, pungufu ya wakazi wa mikoa yetu mingi. Tangu mwaka 2001 wana njia iitwayo X-Road ambayo ofisi zao hupitia kuulizana. Watu hudhani walijenga ghala moja kubwa lenye kila kitu. La hasha. Kila ofisi inabaki na daftari lake na inajibu kile tu ilichoulizwa. Mimi nimevutiwa na jambo moja: mwananchi anaweza kufungua ukurasa wake akaona ofisi zilizochungulia taarifa zake na lini. Na mwaka 2017 walipogundua kasoro kwenye chipu za kadi takribani 760,000, Serikali yao iliitangaza hadharani, kisha ikasimamisha kadi hizo hadi zirekebishwe. Hakuna mfumo usiopata ufa. Kuna wenye nyumba wanaosema ufa upo, na wanaopachika kalenda juu yake.

Wapo wenzangu wanaosema kuunganisha taarifa ni hatari, Serikali itatuona mpaka jikoni. Hofu hiyo siidharau. Lakini nawauliza: hivi sasa taarifa zenu ziko wapi? Acheni nijitaje mwenyewe. Kwenye kompyuta ya duka nilikuwa na folda lenye skani za vitambulisho, vyeti na kadi za benki za watu ambao sura zao sizikumbuki. Chini ya kaunta nina kauntabuku. Humo nimeandika barua pepe na manenosiri ya wateja, kwa sababu mimi ndiye niliyewafungulia na wao wakasema, "Nitunzie wewe, mimi nitasahau." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Sijawahi kuulizwa na mtu kuhusu folda wala kauntabuku. Siku hizi kila Jumamosi jioni nafuta folda. Kauntabuku bado sijajua nilifanyeje, maana nikilichoma, mama wa Kihonda hataweza kufungua ukurasa wake mwenyewe.

Hapo ndipo wapangaji wanapokosea hesabu. Wanachora mwananchi na simu janja mkononi, na mshale unaokwenda moja kwa moja serikalini. Mshale huo unapita kwangu. Kwa watu wengi huduma mtandao ni kijana wa steshenari anayebonyeza kwa niaba yao. Basi tuandikeni kwenye mchoro. Mtu aweze kumruhusu mwingine amfanyie jambo moja kwa siku moja, kwa jina la huyo msaidizi, bila kumkabidhi nenosiri la maisha yake. Na nikichungulia nisichotumwa, jina langu lionekane.

Ninachotaka kinatosha kwenye ukurasa mmoja wa mia. Ofisi ya umma isimdai mwananchi karatasi iliyotolewa na ofisi nyingine ya umma, ikaiulize yenyewe. Kila inapouliza iache alama ambayo mwenye taarifa anaweza kuiona. Na kosa la herufi lililofanywa na ofisi lirekebishwe na ofisi, bila kiapo wala nauli ya mjane.

Najua ninaukata mti nilioukalia. Siku hayo yakitimia, kopi za vitambulisho zitaisha, na mwenye karanga atatafuta karatasi nyingine. Duka halitafungwa. Mitihani ya shule ipo, na Morogoro hii kadi za michango ya harusi haziishi. Kadi ya mchango, jina langu likikosewa herufi, bado wananidai kwa usahihi kabisa.