Uchambuzi: Nani anahesabiwa katika barabara za Bujumbura?

Tarehe 21 Machi 2022 ilianza kutekelezwa amri ya serikali ya Burundi ya kuziondoa baiskeli, pikipiki na bajaji, ambazo wengi wetu tunaziita tuk-tuk, katikati ya jiji la Bujumbura. Sababu zilizotolewa zilikuwa usalama na wingi wa ajali. Lengo hilo halina mpinzani. Linalofaa kuulizwa ni jingine: yule aliyeshuka kwenye baiskeli na kuanza kutembea pembezoni mwa lami, bila njia yake mwenyewe, huku mabasi na malori yakimpita karibu na bega, alipata usalama gani?

Foleni za kusubiri mabasi zilirefuka wakati ule. Kisha uhaba wa mafuta, ulioisumbua nchi kwa miaka kadhaa, ukaongeza idadi ya waenda kwa miguu. Hata mwenye gari lililokauka tangi alijiunga nao. Huenda ndipo baadhi ya wenye magari walipotambua kwa mara ya kwanza kwamba mitaro mingi ya jiji haina mifuniko.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walifariki katika ajali za barabarani mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wasafiri wa pikipiki. Kanda ya Afrika ya shirika hilo ina takriban asilimia 3 tu ya magari ya dunia, lakini inabeba asilimia 19 ya vifo hivyo. Kwa hiyo uchache wa magari si kinga. Magari machache huua wengi pale ambapo barabara haikumtengea nafasi asiye na gari.

Katika lugha rasmi ya Kifaransa watu hao huitwa usagers vulnérables, na kwetu sisi wafasiri wa habari maneno hayo ni mtihani. Wapo wanaoandika «watumiaji dhaifu wa barabara». Tafsiri hiyo inapotosha. Kijana anayebeba gunia la mchele kichwani kutoka soko la Ruvumera hana udhaifu wowote wa mwili, wala waendesha baiskeli wanaoteremka na mizigo ya ndizi kutoka Bugarama kwa barabara ya kitaifa namba 1. Mimi huandika «walio hatarini zaidi», kwa kuwa maneno hayo humlazimu msomaji aulize hatari hiyo imetoka wapi.

Tuitazame Buyenzi, mtaa ambao Waswahili wa Bujumbura wanaufahamu kama viganja vyao. Njia zake zilizonyooka, zinazotajwa kwa namba, zilipangwa enzi za Wabelgiji, wakati wakazi wake karibu wote walikwenda kwa miguu. Leo njia hizohizo zinabeba magari, gereji za mafundi, mikokoteni, wanafunzi na waumini wanaoelekea misikitini. Baada ya soko kuu la jiji kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, biashara ilitawanyika, na masoko kama Ruvumera na Siyoni yakazidi kuelemewa. Bidhaa zikatandazwa hadi ukingoni mwa barabara, na mpita njia akasukumwa katikati ya lami. Ni rahisi kumlaumu mama mwenye beseni la nyanya na kutuma askari wamfukuze. Lakini mama huyo naye huja na kurudi kwa miguu, na wateja wake ni wapita njia. Akiondolewa bila kuonyeshwa pa kukaa, kesho atatandaza kwenye kona nyingine, pengine iliyo mbaya zaidi.

Kuna kundi ambalo amri na mipango huliacha nyuma kabisa, nalo ni watu wenye ulemavu. Burundi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2014, na mwaka 2018 ikatunga sheria yake ya kuzilinda. Mkataba huo unazitaja barabara waziwazi miongoni mwa mahali panapopaswa kufikika. Asiyeona, anayepapasa kwa fimbo kando ya mtaro ulio wazi, hajaiona faida ya saini hiyo.

Majirani wamejaribu, kwa mafanikio yasiyolingana. Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli. Ahadi ilikwenda mbio, ujenzi ukafuata kwa kuchechemea. Mwaka huohuo Kigali ilifunga barabara moja ya katikati ya mji isipitishe magari, na leo watu hutembea na kupumzika pale.

Bujumbura haihitaji kuanza na ujenzi wa gharama kubwa. Vibamba vya zege juu ya mitaro vingeipa jiji njia za waenda kwa miguu ambazo tayari zina upana wake. Vivuko vilivyopakwa rangi upya mbele ya shule, vikiwa na matuta ya kupunguza mwendo, havingoji mfadhili wa kigeni. Na wahandisi wanaopima barabara kwa kuhesabu magari wangeweza kusimama siku moja Ruvumera, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, wakahesabu miguu, mikokoteni na baiskeli, kisha wakaiweka hesabu hiyo mezani kabla ya amri nyingine kutiwa saini.